Je, Tulilaaniwa katika Kamu? Tusome Sura Nzima

Kuna neno moja lisilokoma kusemwa kati yetu. Barabara ikiharibika na hakuna wa kuitengeneza, vita ikirudi, kazi ikikosekana, utasikia mtu barzani akisema: «Tufanye nini? Sisi watu weusi ni wana wa Kamu. Noe alitulaani.» Wanaomsikia hucheka kidogo, kisha hunyamaza. Hakuna anayemwuliza: Imeandikwa wapi? Hata Wakristu waliobatizwa tangu utoto, hata watu wa masomo, hulisema neno hilo kana kwamba ni fundisho la katekismu.

Si fundisho la katekismu. Wala halimo katika Biblia. Katika makala haya twataka kulipima neno hilo mbele ya wasomaji wetu, ili kila mmoja aone kwa macho yake mwenyewe kosa liko wapi. Na kosa, kwa kifupi, ni hili: watu wamesikia mistari mitatu, hawakusoma iliyo mbele wala iliyo nyuma, wakafunga kitabu. Ni kama mtu aletewaye barua ya kurasa nne, asome maneno matatu ya katikati, kisha aanze kulia kilio. Huenda barua ilikuwa ya arusi.

1. Maneno yenyewe

Tufungue Kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, tangu mstari wa 18 mpaka wa 27. Habari ni fupi. Baada ya gharika Noe alipanda mizabibu, akanywa divai, akalewa, akalala uchi ndani ya hema yake. Mwanawe Kamu akamwona, akatoka nje, akawapasha ndugu zake wawili. Semu na Yafeti wakatwaa nguo, wakaenda kinyumenyume ili wasimwone baba yao, wakamfunika. Noe alipoamka akajua aliyotendewa, akatamka laana.

Sasa msomaji aweke kidole chake juu ya mstari wa 25. Nani anayelaaniwa? Si Kamu. Ni Kanaani, mwana wa Kamu. Asome na mstari wa 26: atakayekuwa mtumwa ni Kanaani. Asome na mstari wa 27: tena ni Kanaani. Katika laana hiyo Kanaani anatajwa mara tatu. Kamu hatajwi hata mara moja. Mwandishi mtakatifu alikuwa amekwisha kutuonya mapema, kwa maana katika mstari wa 18 na wa 22, amtajapo Kamu, anaongeza kwamba ndiye baba wa Kanaani. Anatuelekeza macho, lakini sisi tulitazama pengine.

Je, rangi ya ngozi inatajwa? Tafuteni. Katika sura ya 9 hamna neno moja juu ya weusi wala weupe. Katika sura ya 10 pia hamna.

Na nani anayetamka laana? Ni Noe, mzee aliyeamka kutoka usingizi wa divai. Mungu mwenyewe katika sura hiyo anasema maneno mengine kabisa. Katika mstari wa kwanza anawabariki Noe na wanawe wote, pamoja na Kamu. Tangu mstari wa 8 mpaka wa 17 anafanya agano nao, na na uzao wao, na na viumbe vyote vyenye uhai, akaweka upinde wa mvua mawinguni uwe alama. Mtakatifu Yustino, mfiadini wa karne ya 2, aliliona jambo hilo: Kamu alikuwa amekwisha kubarikiwa na Mungu, kwa hiyo haikufaa laana imwangukie yeye. Basi kabla ya laana ya mtu tunayo baraka ya Mungu. Mbona twaikumbuka laana na kuisahau baraka?

2. Tugeuze ukurasa

Anayesoma mpaka sura ya 10 atapata jibu jingine. Sura hiyo ni orodha ya mataifa. Mstari wa 6 wasema kwamba Kamu alizaa wana wanne: Kushi, Misraimu, Puti na Kanaani. Misraimu ndiyo Misri. Kushi ndiyo nchi iliyo kusini ya Misri, pande za Nubia, ambayo Wagriki waliiita Etiopia. Puti wataalamu wengi huiweka pande za Libia. Na Kanaani? Mstari wa 19 unaonyesha mipaka yake: tangu Sidoni mpaka Gaza, na kufika Sodoma na Gomora. Ni nchi ya pwani ya bahari ya Mediterania, nchi ile ile ambayo Waisraeli waliingia baadaye. Si Afrika.

Kwa hiyo, wana watatu wa Kamu ambao Biblia inawaweka Afrika hawakuguswa na laana. Aliyeguswa ni yule mmoja ambaye si wa Afrika. Mtu asemaye «watu weusi walilaaniwa katika Kamu» amemchukua mtoto wa nne na kumtia mahali pa ndugu zake. Hukumu ya namna hiyo hata barzani kwetu isingekubaliwa: kesi ni ya mdogo, na faini yadaiwa kwa kaka zake.

Tuendelee katika sura hiyo hiyo. Mstari wa 8 wasema kwamba Kushi alimzaa Nimrodi, naye alikuwa mtu hodari wa kwanza duniani, mfalme wa Babeli na miji mingine mikubwa. Huyo si mtumwa wa watumwa! Na Misraimu, yaani Misri, ndiye aliyewatia utumwani wana wa Israeli, ambao ni uzao wa Semu. Kitabu cha Kutoka, sura ya 12, chahesabu miaka 430 ya kukaa kwao Misri. Ikiwa laana ilikuwa ya wana wote wa Kamu, imekuwaje mwana wa Kamu akawa bwana na mwana wa Semu akawa mtumwa?

Kisha yaja sura ya 12. Mungu anamwita Abrahamu na kumwahidi kwamba katika yeye jamaa zote za dunia zitabarikiwa. Jamaa zote zipi? Zile zile zilizoandikwa katika orodha ya sura ya 10: za Semu, za Yafeti, na za Kamu. Tazameni basi jinsi habari ilivyopangwa. Mbele kuna baraka na agano. Katikati kuna ulevi, aibu na laana ya baba aliyekasirika. Nyuma kuna ahadi ya baraka kwa mataifa yote. Anayekata kipande cha katikati anabaki na kidonda tu, na dawa ameitupa.

3. Kwa nini basi imeandikwa?

Wasomaji wataweza kuuliza: Kama ni hivyo, laana hii ya Kanaani ilikuwa na maana gani? Ni swali la haki.

Habari hii iliandikwa kwa ajili ya Waisraeli waliokaa kati ya Wakanaani. Katika Kitabu cha Walawi, sura ya 18, Mungu anawakataza kufuata desturi za Misri na za Kanaani, kisha zafuata amri nyingi juu ya heshima ya mwili ndani ya jamaa, na tangu mwanzo zakataza kufunua uchi wa baba. Twasikia hapo mwangwi wa hema ya Noe. Baadaye, katika Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 9, twasoma kwamba mfalme Salomoni aliwatia mabaki ya wenyeji wa Kanaani katika kazi za shokoa. Kwa Mwisraeli msomaji, maneno ya Noe yalihusu jirani zake wa karibu na hatari ya kufuata njia zao. Hayakuhusu watu wa mto Kongo, ambao hakuwajua.

Tena hata kwa Kanaani laana haikuwa neno la mwisho. Rahabu wa Yeriko alikuwa mwanamke wa Kanaani. Aliwaficha wapelelezi wa Yozue, akaokolewa na jamaa yake. Mtakatifu Mateo, katika sura ya kwanza ya Evanjili yake, anaandika jina lake kati ya mabibi wa Bwana wetu Yezu Kristu. Na katika sura ya 15 Mateo anatuonyesha mwanamke mwingine wa Kanaani, aliyemlilia Yezu kwa ajili ya binti yake. Yezu aliisifu imani yake kuwa kubwa, na mtoto akapona. Ikiwa hata Kanaani, aliyetajwa mara tatu katika laana, amepata mahali katika ukoo wa Mwokozi, nani atathubutu kuwafungia mlango wale ambao hawakutajwa kabisa?

4. Wana wa Kushi katika Biblia

Tutazame pia namna Maandiko yanavyosema juu ya watu weusi, yanapowataja wazi. Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 12, Musa ana mke Mkushi. Miriamu na Aroni wanamnung'unikia kwa ajili ya mke huyo. Mungu hamkaripii Musa. Anamwadhibu Miriamu kwa ukoma, naye anakaa nje ya kambi siku saba.

Katika Yeremia, sura ya 38, nabii ametupwa katika shimo lenye matope, na hakuna Mwisraeli anayesimama upande wake. Mkushi mmoja, Ebed-Meleki, mtumishi wa nyumba ya mfalme, ndiye aliyekwenda kumsemea. Akashusha kamba shimoni pamoja na matambara, ili nabii ayaweke chini ya kwapa asiumizwe na kamba. Twapenda matambara hayo: ni upole wa mtu mwenye moyo. Katika sura ya 39 Mungu anamwahidi Mkushi huyo kwamba hatakufa mji utakapoanguka, kwa sababu alimtumaini. Nabii Amosi naye, sura ya 9, awaambia Waisraeli wenye majivuno kwamba mbele ya Mungu wao ni kama Wakushi tu.

Mwisho tufungue Matendo ya Mitume, sura ya 8. Mtunza hazina wa Kandake, malkia wa Etiopia, anarudi kwao akiwa ameketi garini, anasoma nabii Isaya. Filipo anamwuliza kama anayafahamu anayoyasoma. Anajibu kwamba hawezi pasipo mtu wa kumwongoza, tena anauliza swali la mwenye akili: nabii anasema juu ya nani, juu ya nafsi yake au juu ya mtu mwingine? Hilo ndilo swali lililokosekana kati yetu juu ya laana ya Noe: imesemwa juu ya nani? Mwafrika yule aliuliza, akafundishwa, akabatizwa, akaenda zake kwa furaha. Sisi hatukuuliza, ndiyo maana twaenda kwa huzuni.

5. Namna kosa lilivyotembea

Si Waafrika waliotunga kosa hili. Huko Ulaya, katika karne ya 12, mwandishi Honorius wa Autun alifundisha kwamba watu huru ni wa Semu, askari ni wa Yafeti, na watumishi wa mashamba ni wa Kamu. Watumishi hao walikuwa Wazungu! Kila mwenye kutaka mtumwa alimtafutia mtumwa wake nafasi katika hema ya Noe. Wareno walipoanza kukamata watu katika pwani za Afrika, mwandishi wao Zurara, katika kitabu chake cha mwaka 1453, aliitaja laana iliyotoka baada ya gharika. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, kabla ya vita ya 1861 mpaka 1865, wahubiri wengi walifundisha hivyo hivyo altareni na vitabuni. Mali ilitangulia, mstari wa Biblia ukafuata nyuma kama karani wa kuandika hati.

Hata watu wema walidanganyika. Mwaka 1870, wakati wa Mtaguso wa kwanza wa Vatikano, maaskofu wa misioni waliandika ombi kwa ajili ya watu weusi wa Afrika ya kati, na laana ya Kamu ilitajwa ndani yake kama mzigo wa kuondolewa. Nia yao ilikuwa ya upendo, na twaishukuru. Lakini huwezi kuondoa mzigo ambao Mungu hakuutwika. Mapapa walikuwa wameshika njia iliyo imara zaidi. Paulo III, mwaka 1537, alitetea uhuru wa wenyeji wa Amerika na wa mataifa mengine. Gregori XVI, mwaka 1839, alikataza biashara ya watu weusi. Leo XIII, mwaka 1888, aliwaandikia maaskofu wa Brazili juu ya kukomesha utumwa.

Kisha kosa likazaa mtoto. Mwingereza John Hanning Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, aliandika kwamba watu weusi ni wana wa Kamu aliyelaaniwa. Lakini alipowaona wafalme wa pande za maziwa makubwa na utaratibu wa utawala wao, alishindwa kuamini kwamba ni kazi ya watu hao hao. Akasema watawala walitoka Etiopia. Baada yake wengine wakageuza jina kabisa. Mwaka 1930 C. G. Seligman aliandika kwamba maendeleo ya Afrika ni kazi ya «Wahamiti», yaani wana wa Kamu, nao aliwahesabu kuwa jamaa ya Wazungu. Tazameni maajabu: Kamu yule yule, jana ni baba wa watumwa, leo ni baba wa mabwana! Jina likitumika kwa mambo mawili yanayopingana, ni alama kwamba halikutoka katika Maandiko; limetoka katika fikira za mwenye kulitumia.

Tungecheka, kama halingemwaga damu. Katika Rwanda, mafundisho hayo yaliingia shuleni na katika siasa. Watutsi waliitwa Wahamiti, kwanza kwa kuwasifu, baadaye kwa kuwafukuza kama wageni. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera aliuambia mkutano kwamba watarudishwa Etiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 mito ilichukua maiti. Nasi wa Kivu na Ituri twajua kwamba jina hilo halikubaki ng'ambo ya mpaka. Lingali likisikika kwetu, mtu akitaka kumwonyesha jirani yake kwamba hapa si kwao.

Kwa hiyo tusiseme kwamba haya ni magomvi ya wasomi. Mstari uliokatwa sura yake uliwafunga watu minyororo katika karne moja, na katika karne nyingine ulimpa mtu panga mkononi.

6. Tusome namna gani?

Ekleziya haikutuacha bila njia. Papa Pio XII, katika barua yake ya tarehe 30 Septemba 1943, aliwataka wafasiri watafute kwanza maana ambayo mwandishi mtakatifu alikusudia. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati Dei Verbum ya tarehe 18 Novemba 1965, namba 12, unafundisha kwamba twapaswa kutazama umoja wa Maandiko yote, mapokeo hai ya Ekleziya yote, na jinsi mafundisho ya imani yanavyopatana. Sisi makatekista twaweza kulifundisha hilo katika mashirika yetu kwa maswali manne tu.

La kwanza: Nani anasema? Mungu, nabii, mtu mwenye hasira, au shetani? Si kila neno lililoandikwa katika Biblia ni amri ya Mungu.

La pili: Anasema juu ya nani na kwa nani? Tusichukue jina la mtu mmoja na kumbandika mwingine.

La tatu: Mbele na nyuma kuna nini? Tusome sura nzima, na ikifaa, sura iliyotangulia na iliyofuata. Hili haligharimu hata franka moja.

La nne: Maandiko mengine na Ekleziya wasemaje? Nabii Ezekieli, sura ya 18, afundisha kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Basi fundisho lolote linalompa mtoto mchanga wa leo deni la babu wa gharika limekwisha kuhukumiwa na nabii.

Mtakatifu Agostino, askofu wa Hipo katika Afrika ya kaskazini, aliongeza kipimo kimoja kinachotupendeza kuliko vyote: anayedhani amefahamu Maandiko, lakini ufahamu wake haujengi upendo wa Mungu na wa jirani, huyo hajafahamu bado. Tupime neno la «laana ya Kamu» kwa kipimo hicho. Je, limejenga upendo? Limefanya mtumwa, limefanya mwenye majivuno, limefanya muuaji, na kwetu limefanya mtu mvivu asemaye: Tufanye nini? Tumelaaniwa.

Na leo limefanya biashara. Kuna wahubiri wanaozunguka mijini na vijijini wakiwaahidi watu kuvunja laana ya ukoo na laana ya Afrika, baada ya kutoa sadaka, na tena sadaka nyingine. Mama mwenye mtoto mgonjwa huuza mbuzi wake, badala ya kumpeleka mtoto hospitali. Mkristu aliyezamishwa katika maji ya ubatizo hana laana ya Noe ya kuvunjiwa. Ana dhambi zake mwenyewe, na kwa hizo kuna sakramenti ya kitubio, ambayo haina bei.

Wasomaji wapenzi, si kwamba taabu zetu ni za uwongo. Barabara zimeharibika kweli, watu wamekufa kweli, na mali ya nchi imeibiwa kweli. Lakini mambo hayo yana sababu, na sababu zina majina: ulafi, rushwa, chuki, vita, usaliti wa wakubwa na woga wa wadogo. Hayo yanaweza kuhukumiwa na kutengenezwa. Anayeweka laana ya Kamu mahali pa sababu hizo anawafunika wenye kosa, kuliko Semu na Yafeti walivyomfunika baba yao.

Basi mtu akilisema neno lile tena barzani, tusimcheke wala tusinyamaze. Tumwombe kwa upole alete Biblia, afungue Mwanzo sura ya 9, asome kwa sauti mstari wa 25, kisha aendelee mpaka sura ya 12. Mzee asiyejua kusoma asomewe na mjukuu wake. Ni kazi ya nusu saa.